Anwani Hii ni ya Tovuti Ipi?

Hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi wa seva, wasimamizi wa tovuti na wahariri wa magazeti ya mtandaoni. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu mafundi, ndugu zangu wahariri, asanteni kwa kuja.

Niingie moja kwa moja kwenye kazi. Mna WordPress, yaani programu ya kuchapisha tovuti, moja kwenye seva moja, na ndani yake mmefungua tovuti thelathini: ya siasa, ya michezo, ya mapishi, za mikoa. Mafaili ya programu ni yale yale. Hifadhidata ni ile ile. Namba ya IP, yaani anwani ya seva kwenye mtandao, ni moja. Sasa msomaji aliye Mbeya anaandika michezo.example kwenye simu yake, na mwingine aliye Mombasa anaandika mapishi.example. Maombi yote mawili yanafika kwenye seva ile ile, yanafungua faili lile lile la index.php. Nani anaamua kwamba huyu apewe matokeo ya ligi na yule apewe pilau? (Nitatumia kiishio cha .example katika mifano yote, kwa kuwa kimetengwa rasmi kwa mifano na hakuna awezaye kukisajili.)

Watu wengi hujibu haraka: "DNS," yaani mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP. Wengine hujibu: "WordPress." Jibu ni kwamba hakuna mwamuzi mmoja. Jina moja linasomwa na wasomaji wanne. DNS inalisoma. Seva inalisoma inapochagua cheti cha usalama, kinachomthibitishia msomaji kwamba tovuti ni yenyewe. Seva hiyo hiyo inalisoma tena inapochagua mpangilio wa kutumia. Mwisho mfumo wa uchapishaji unalisoma unapochagua tovuti. Kila mmoja ana daftari lake, na daftari moja halijui kilichoandikwa kwenye jingine. Ukibadilisha moja, matatu hayana habari. Nawaomba mlishike hilo, kwa maana saa nyingi za mafundi hupotea katika kurekebisha daftari lisilokuwa na kosa.

Turudi nyuma kidogo, tuone jina lilivyoingia ndani ya ombi. Katika HTTP/1.0, toleo la lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, ambalo hati yake ilitolewa mwaka 1996, kivinjari kiliweza kusema tu "nipe /habari/" bila kutaja ni /habari/ ya nani. Seva ilijua jambo moja: ombi limefika kwenye namba ipi ya IP. Tovuti kumi, namba kumi. Januari 1997 ikaja HTTP/1.1, nayo ikaweka sharti: kila ombi lije na kichwa kiitwacho Host, chenye jina la tovuti inayotakiwa, lisipokuwa nacho, seva ijibu kosa la 400. Mifumo yote ya tovuti nyingi tunayoitumia leo imesimama juu ya mstari huo mmoja wa maandishi.

Lakini je, sharti hilo lilitosha kwa https? Halikutosha. Kwenye https seva inatakiwa kuonyesha cheti kabla haijalisoma ombi, na Host imo ndani ya ombi. Ichague cheti kipi kati ya thelathini? Ndipo ikaja SNI, iliyoelezwa mwaka 2003: kivinjari kinataja jina mapema, wakati muunganisho salama unaanzishwa. Hata hivyo Internet Explorer kwenye Windows XP haikuijua SNI kamwe, wala kivinjari cha Android 2 hakikuijua. Kwa miaka mingi, aliyetaka https kwa wasomaji wote alilazimika kununua namba ya IP kwa kila kikoa, na hayo yalikuwa yakitendeka wakati namba zenyewe zinakwisha: tarehe 3 Februari 2011 IANA, msimamizi wa namba za IP duniani, iligawa mafungu ya mwisho ya IPv4 kwa mashirika matano ya kanda, AFRINIC yetu ikiwa mojawapo.

Kwa nini nawapeleka huko? Kwa sababu historia hiyo ndiyo inayowaambia mahali pa kutafuta kosa. Kwenye https jina linatajwa mara mbili: kwanza wakati wa cheti, halafu ndani ya ombi. Ukiona onyo la cheti, WordPress haijaguswa bado. Usifungue wp-config.php, faili la mipangilio yake. Usizime programu-jalizi. WordPress haijaguswa bado!

Kwenye DNS sitakaa sana. Kikoa chenyewe, yaani michezo.example bila kitu mbele yake, kinahitaji rekodi ya A yenye namba ya seva. Hapo huwezi kuweka CNAME, rekodi inayolielekeza jina moja kwa jina jingine, kwa kuwa CNAME haikubali kukaa na rekodi nyingine kwenye jina moja, na kikoa chenyewe lazima kiwe na SOA na NS, rekodi zinazotaja seva za DNS zinazokisimamia. Hiyo www ndiyo unayoweza kuielekeza kwa CNAME. Kama TTL ya rekodi ya zamani, yaani sekunde ambazo inaruhusiwa kukumbukwa, ni 86400, hizo ni saa 24 ambazo kompyuta za watu zitaendelea kukumbuka namba ya zamani. Basi ishushe hadi 300 siku moja kabla ya kuhama, siyo dakika tano kabla. Na kabla hujagusa DNS, ijaribu seva mpya kwa amri hii:

curl -I --resolve michezo.example:443:192.0.2.10 https://michezo.example/

Amri hiyo inairuka DNS na kuwauliza wasomaji watatu waliobaki. Ikijibu vizuri, basi kilichobaki ni DNS peke yake.

Kwenye seva ya wavuti kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Mteja amenunua kikoa, DNS imeelekezwa, anafungua ukurasa na kukuta tovuti ya kampuni nyingine kabisa. Anapiga simu akiwa na hofu: "Tumeingiliwa!" Hamjaingiliwa. Nginx, programu ya seva ya wavuti, ikipata jina isilolijua haikatai ombi, inalikabidhi kwa mpangilio wa kwanza kwenye orodha, isipokuwa mmeuteua mwingine kwa neno default_server. Apache nayo hufanya hivyo hivyo kwa VirtualHost ya kwanza. Dawa ni kuweka mpangilio wa chaguo-msingi usio na tovuti yoyote, unaofunga muunganisho. Kwenye Nginx ni return 444. Jina geni likija, likutane na ukimya, lisikutane na gazeti la jirani. Na kama mbele kuna proksi, yaani seva ya kati inayopokea maombi kwanza, hakikisheni inapitisha Host kama ilivyokuja. Ikibadilisha Host kuwa jina lake la ndani, tovuti zote thelathini zitaonekana kuwa moja.

Sasa tufike kwenye daftari la nne, ambako nataka tukae.

WordPress ilianza kubeba tovuti nyingi ndani yake bila programu ya pembeni tangu toleo la 3.0, Juni 2010, ilipounganishwa na WordPress MU. Daftari lake ni jedwali la wp_blogs. Kila tovuti ina mstari mmoja, na safuwima mbili ndizo zinazotuhusu leo: domain na path. Ombi likifika, mfumo unachukua Host, unaondoa :80 au :443 kama ipo, unachukua sehemu ya kwanza ya njia, kisha unatafuta mstari unaolingana. Mistari miwili ikilingana, wenye njia ndefu zaidi ndio unaoshinda.

Je, mnaona hatari iliyomo? Fikirieni gazeti lenye tovuti kuu gazeti.example, na tovuti-tanzu zake zinakaa kwenye saraka. Kwa miaka tovuti kuu imekuwa na ukurasa /michezo/, na chini yake /michezo/matokeo/ na /michezo/ratiba/. Mhariri anasema, "Michezo sasa ipate tovuti yake." Msimamizi mkuu anaiunda kwa njia ya /michezo/. Mfumo unakagua majina yaliyotengwa, kama blog, files, feed na wp-admin, na unakagua kama kuna tovuti nyingine yenye njia hiyo. Haukagui kurasa za tovuti kuu. Tovuti inaundwa bila onyo lolote, na kuanzia dakika hiyo kila ombi la /michezo/matokeo/ linakwenda kwenye tovuti mpya, iliyo tupu, na msomaji anapewa 404. Kurasa za zamani zimo ndani ya hifadhidata, nzima, ila hakuna njia ya kuzifikia. (Kinyume chake kimeshazibwa: ukiunda ukurasa mpya wenye jina la tovuti iliyopo, mfumo unauongezea tarakimu mwishoni.) Kwa hiyo, kabla ya kuunda tovuti kwenye saraka, tafuteni jina hilo kwenye kurasa za tovuti kuu, mlibadilishe, ndipo muunde.

Halafu kuna www. Hapa kuna upendeleo ambao mafundi wengi hawaujui. Ombi likija na www.michezo.example, WordPress inatafuta yote mawili, lenye www na lisilo nayo. Ombi likija bila www, inatafuta hilo moja tu. Kwa hiyo mkisajili kwenye jedwali jina lisilo na www, wasomaji wote wanafika. Mkisajili lenye www, anayeandika bila www anapotea, labda seva ya wavuti iwe imemwelekeza kabla. Ushauri wangu ni huu: jedwali libebe jina fupi, na jina jingine lielekezwe na Nginx au Apache kwa 301, elekezo la kudumu. Tena anzeni na 302, elekezo la muda, mpaka mhakikishe, kwa maana vivinjari huikumbuka 301 muda mrefu na hamna namna ya kuingia kwenye simu za wasomaji kuifuta.

Anayepotea anakwenda wapi? Kumbukeni dalili hii: kwenye mtandao wa vikoa vidogo, wenye tovuti kama michezo.gazeti.example, jina lisilopatikana kwenye jedwali linapelekwa kwenye wp-signup.php ya tovuti kuu. Mkiona wp-signup.php, DNS ni nzima, cheti ni kizima, seva ni nzima. Kosa liko kwenye wp_blogs. Mkishapona, wekeni NOBLOGREDIRECT kwenye wp-config.php ili majina yasiyojulikana yaende kwenye ukurasa mnaoutaka.

Wenzetu wa Drupal, mfumo mwingine wa uchapishaji, wanafanya kwa folda badala ya jedwali. Drupal inatafuta ndani ya sites folda yenye jina linalolingana zaidi na anwani, ikianza na refu lenye mlango (port) na njia, ikipunguza kidogo kidogo, hadi inaangukia sites/default. Uzuri wake ni kwamba www inadondoka yenyewe njiani. Ubaya wake ni hiyo default: jina lolote geni linapata jibu. Ndiyo maana kwenye settings.php kuna trusted_host_patterns, nanyi msiiache tupu. Host inaandikwa na anayeomba, na mtu mbaya anaweza kuandika atakacho. Tovuti inayoamini Host yoyote inaweza kumtumia mwanachama wenu barua ya kubadilisha nywila yenye kiungo cha kwenda kwa mwizi.

Ndugu zangu, kuhamisha tovuti kutoka michezo.gazeti.example kwenda michezo.example ndiyo kazi inayofanywa mara nyingi na kuharibiwa mara nyingi. Kabla ya toleo la 4.5, la Aprili 2016, ilihitaji programu-jalizi na faili la sunrise.php, linalosomwa mapema kabla mfumo haujaamua tovuti. Leo haihitaji. Unaingia kwenye usimamizi wa mtandao, unaihariri tovuti, unabadilisha anwani yake, basi. Lakini mtandao wa zamani ukiachiwa sunrise.php yake, unabaki na madaftari mawili ya nne: wp_blogs na lile la wp_domain_mapping. Yakitofautiana, mtatafuta kosa hadi usiku. Ondoeni mstari wa SUNRISE kwenye wp-config.php, kisha ondoeni faili.

Mkibadilisha anwani kupitia skrini hiyo, siteurl na home za tovuti, mipangilio inayoshika anwani yake, hubadilika pamoja nayo kama zilikuwa sawa na anwani ya zamani. Mkibadilisha kwa SQL, yaani moja kwa moja ndani ya hifadhidata, hazibadiliki. Ndipo jedwali linasema jina jipya, home inasema la zamani, msomaji anaelekezwa kwenye la zamani ambalo jedwali halilijui tena, na huyo, kwenye wp-signup.php! Na kama mnatumia Redis kuhifadhi kache ya vitu, yaani nakala za data za kusomwa haraka, badiliko la SQL halionekani kabisa mpaka mtoe amri ya wp cache flush.

Baada ya hapo kuna viungo vilivyomo ndani ya makala na mipangilio. Naomba msikilize kwa makini. Msifanye REPLACE ya SQL. Mipangilio mingi ya WordPress imehifadhiwa pamoja na urefu wa kila neno: s:30:"https://michezo.gazeti.example". Ukibadilisha maneno peke yake, kunakuwa na herufi 23 huku hesabu ikidai 30. PHP inashindwa kusoma kifurushi chote, na wijeti na mpangilio wa mandhari vinatoweka kwa pamoja. Tumieni WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri, inayosahihisha hesabu:

wp search-replace 'https://michezo.gazeti.example' 'https://michezo.example' --url=michezo.example --skip-columns=guid --dry-run

Someni matokeo, ndipo muondoe --dry-run, inayojaribu bila kubadilisha kitu. Kwa nini nimeanza na https://? Ili anwani za barua pepe zisiguswe. Kwa nini guid, kitambulisho cha kila makala, inaachwa? Kwa sababu visomaji vya milisho huitumia kutambua makala. Ikibadilika, makala zote zinarudi kama mpya. Kwa nini --url ni jina jipya? Kwa sababu wp_blogs sasa inalijua hilo tu. Na msiweke --network kama hamna nia ya kugusa tovuti zote thelathini. Halafu angalieni kurasa zilizotengenezwa kwa vijenzi vya kurasa: nyingi zimehifadhiwa kama JSON, ambako mikwaju imeandikwa \/, na utafutaji wa kawaida hauzioni. Rudieni amri kwa umbo hilo.

Bado kuna kuingia. Mwandishi anaandika nywila sahihi na ukurasa wa kuingia unarudi vile vile, au anaambiwa vidakuzi vimezuiwa. Anabadilisha nywila mara tatu. Nywila haina kosa. Kwenye mtandao wa vikoa vidogo, WordPress hutoa vidakuzi kwa jina la mtandao, .gazeti.example, na kivinjari kilichopo michezo.example hukikataa kidakuzi cha kikoa kingine. Wekeni kwenye wp-config.php:

define( 'COOKIE_DOMAIN', $_SERVER['HTTP_HOST'] );

Sasa ataingia, ila ataingia kwenye tovuti hiyo moja, akienda mapishi.example ataingia tena. Waambieni wahariri mapema. Na yeyote asiwaambie kwamba kidakuzi kinaweza kutolewa kwa .co.tz au .co.ke ili kifanye kazi kwenye vikoa vyenu vyote: viishio hivyo vimo kwenye orodha ya viishio vya umma, na vivinjari hukataa.

Vyeti sasa. Let's Encrypt, chombo kinachotoa vyeti, inaruhusu hadi majina 100 kwenye cheti kimoja, na fundi mwenye tovuti thelathini anaona vyema kuziweka zote humo pamoja na www zake. Inafanya kazi vizuri. Halafu mteja mmoja anaondoka na kuielekeza DNS yake kwingine. Hakuna kinachotokea siku hiyo. Wala mwezi huo. Siku ya kuhuisha ikifika, jina moja linashindwa kuthibitishwa, na ombi lote linakataliwa. Cheti kinakwisha, na tovuti ishirini na tisa zisizo na hatia zinaonyesha onyo jekundu kwa sababu ya moja iliyohama. Kila kikoa kiwe na cheti chake, chenye majina mawili: tupu na www. Kwa vikoa vidogo vya mtandao, cheti cha nyota, *.gazeti.example, kinafaa, lakini kinataka uthibitisho kupitia DNS, hakifuniki gazeti.example yenyewe, na kinafunika ngazi moja tu: www.michezo.gazeti.example iko nje. Anayehuisha kwa mkono aache sasa. Vyombo vya vyeti na vivinjari vimekubaliana kwamba kufikia Machi 2029 cheti cha umma kisizidi siku 47.

Mkishafunga cheti kwenye proksi iliyo mbele, WordPress inaweza kudhani imeombwa kwa http ya kawaida, ielekeze kwenye https, ipokee tena http, ielekeze tena, mpaka kivinjari kichoke. Proksi ipeleke X-Forwarded-Proto, kichwa kinachosema kama ombi lilikuja kwa http au https, na wp-config.php iisome na kuweka $_SERVER['HTTPS'] kuwa 'on' kabla ya mstari unaoita wp-settings.php.

La mwisho ni kuondoa tovuti, jambo ambalo karibu hakuna anayelipangia muda. Ondoeni kwa mpangilio: rekodi ya DNS kwanza, halafu cheti, halafu mpangilio wa seva, na mstari wa wp_blogs mwisho. CNAME iliyoachwa ikielekea kwenye huduma mliyoihama inaweza kuchukuliwa na yeyote atakayefungua akaunti kwenye huduma hiyo na kulidai jina, naye ataandika atakalo chini ya jina la gazeti lenu.

Na kikoa kikiachwa kiishe muda, atakayekinunua anapata pia barua pepe zake. Jiulizeni: ni nani bado ameandikishwa kwenye mtandao wenu kwa barua pepe ya kikoa hicho? Jedwali la wp_users ni moja kwa tovuti zote. Mmiliki mpya anafungua sanduku la barua lenye jina la mhariri wa zamani, anabonyeza "nimesahau nywila", na barua inamfikia yeye. Kama mhariri huyo alikuwa msimamizi mkuu, zote thelathini ni zake. Basi, kabla hamjaacha kikoa chochote kiishe, endesheni amri hii, na kila jina litakalotokea mlibadilishie barua pepe au mlifute siku hiyo hiyo:

wp user list --network --fields=user_login,user_email | grep michezo.example

Asanteni. Maswali nayapokea.